OK Halikuzaliwa Vitani

Kikao cha tatu cha harusi ya binti wa jirani yetu kilikwama kwa dakika ishirini, na safari hii tatizo halikuwa michango. Mweka hazina, mzee mstaafu ninayemheshimu sana, alikuwa amemaliza kusoma orodha ya ahadi, zilizotimizwa na zinazosuasua. Kijana tuliyempa kazi ya u-MC akajibu, "OK." Mzee akavua miwani.

"Hivi wewe mwanangu, unajua maana ya hilo neno?"

Kijana akachekacheka. Ndipo tukaelezwa sote. Wamarekani walipokuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe, kila jioni kamanda aliandika ubaoni idadi ya askari waliouawa siku hiyo. Siku ambayo hakufa mtu aliandika sifuri na herufi K, ile K ya neno lao la kuuawa. Askari wakiuona ubao wanarusha kofia juu: OK! Kwa hiyo, akamalizia mzee, neno hili ni la vita na vifo, na watu wanaopanga harusi hawana sababu ya kulitamka. Mama mmoja akasema, "Kumbe!" Usiku uleule hadithi yenyewe ikatua kwenye kundi la WhatsApp la kamati, na ile alama ya kwamba imesambazwa mara nyingi. Asubuhi nikaikuta kwenye kundi la ukoo pia, na la tuliosoma pamoja sekondari.

Kikaoni nilinyamaza, maana mweka hazina habishiwi mbele ya mwenyekiti. Nabishana naye hapa. Hadithi ya sifuri waliouawa ni ya uongo kuanzia ubao hadi kofia, na ubaya wake unazidi uongo wa kawaida, kwa sababu inatuzoesha kukubali asili ya neno kwa kigezo kimoja tu: kwamba inasisimua. Na huyu mzee wangu ndiye mtu wa mwisho niliyemtarajia kwenye kosa hilo. Wiki mbili kabla ya hapo alikataa kunirudishia shilingi 4,000 za bodaboda niliyopanda kusambaza kadi, kwa kuwa sikuwa na risiti. Nani anadai risiti kwa bodaboda? Yeye. Lakini neno la Kiingereza lililopita kwenye kinywa cha kila mtu duniani kalipokea bila hata kuuliza tarehe.

Basi tuanze na tarehe. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilianza 1861 ikaisha 1865. Gazeti la Boston Morning Post la tarehe 23 Machi 1839, ukurasa wa pili, lina aya fupi ya utani ambamo herufi o.k. zimechapwa na maana yake imetolewa papo hapo. Hiyo ni miaka ishirini na miwili kabla ya risasi ya kwanza ya vita hiyo. Mtoto aliyezaliwa siku gazeti lile linatoka angekuwa na umri wa kubeba bunduki vita ilipoanza, na angeenda nayo vitani akilijua neno OK tangu utotoni. Wapo wanaoihamisha hadithi na kuipeleka Vita Kuu ya Pili, wengine hadi Vietnam, kana kwamba kuisogeza mbele kutaisaidia. Inazidi kuzama.

Ile aya ya gazeti inastahili kutazamwa kwa karibu. Mhariri, Charles Gordon Greene, alikuwa anataniana na gazeti la mji jirani wa Providence kuhusu safari ya chama kimoja cha mzaha. Chama chenyewe kilikuwa kimeanzishwa kuipinga sheria ya jiji la Boston iliyokataza kupiga kengele za chakula. Watu wazima, wenye ndevu zao, wamekaa wakaunda chama cha kutetea kengele ya msosi. Katikati ya utani huo Greene akaandika o.k., kisha akafafanua kuwa anamaanisha "all correct", yaani kila kitu kiko sahihi.

Msomaji makini atagoma hapo. "All" inaanza na A, na "correct" inaanza na C. O na K zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye mchezo. Mwaka ule na uliotangulia, waandishi wa magazeti ya Boston walikuwa wameshikwa na homa ya vifupisho. Walifupisha kila kitu, na kufupisha kulipozoeleka wakaongeza chachandu: wanaliandika neno vibaya kwa makusudi, halafu wanafupisha lile bovu. Kwa hiyo "all correct" ikageuzwa "oll korrect", ikabaki O.K. Vivyo hivyo "all right" ikawa "oll wright", ikabaki O.W. "No go", maana yake haiwezekani, ikaandikwa "know go" ikawa K.G. "No use", haifai kitu, ikawa "know yuse", K.Y. Kichekesho kilikuwa kwamba herufi zinazodai kila kitu kiko sahihi zenyewe zote mbili ni makosa.

Aliyekuwa na simu Tanzania miaka ile ya 2010 hahitaji kuelezwa zaidi. Tuliandikiana "xaxa" badala ya sasa, "poa xana", "cjui", na kwenye kukubaliana, "xawa". Walimu walilalamika kwamba kizazi kinaharibika. Lakini kijana aliyeandika "xawa" hakuwa mjinga wa tahajia. Mwambie aandike barua ya kuomba kazi, utaona S zake zote zimerudi mahali pake. Alikuwa anacheza, na mchezo ulikuwa na utamu kwa sababu wote wawili, mwandikaji na mwandikiwa, walijua neno sahihi ni lipi. Sasa ichukue hiyo "xawa", ifupishe, iweke kwenye gazeti la Boston la 1839, umeipata OK. Hata maana ni ileile. Watu wetu walilizalisha upya jambo lilelile miaka mia moja na sabini baadaye, bila kuigiza kutoka kwa mtu, halafu leo wanakataa katakata kwamba Wamarekani wangeweza kulifanya.

Hoja ninayoipata mara nyingi ni hii: utani wa gazeti la mji mmoja ungewezaje kufika dunia nzima? O.W. ilikufa, K.G. ikafa, K.Y. ikafa. Kwa nini OK iliishi?

Iliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa anagombea tena. Alizaliwa Kinderhook, kijiji cha jimbo la New York, na wafuasi wake wakampa jina la Old Kinderhook, Mzee wa Kinderhook. Herufi za mwanzo zikaangukia palepale kwenye utani uliokuwa unavuma. Wakaanzisha klabu za O.K., na mgombea wao akawa Mzee wa Kinderhook na mtu aliye sahihi kwa pigo moja. Wapinzani nao hawakulala. Walizusha kwamba Andrew Jackson, rais aliyemtangulia na kumlea Van Buren kisiasa, hakujua kuandika, na kwamba alikuwa akiidhinisha nyaraka za serikali kwa O.K. akidhani ndivyo "all correct" inavyoandikwa. Van Buren alishindwa na William Henry Harrison. OK ilishinda: upande mmoja uliimba, upande wa pili uliidhihaki, na kampeni ilipoisha nchi nzima ilikuwa imeizoea. Kisha wakaja wapiga telegrafu, waliohitaji alama fupi ya kumjulisha mwenzao upande wa pili kwamba ujumbe umefika salama. Baada ya hapo hakuna haja ya kuuliza ilienezwa na nini.

Aliyetuchimbulia haya ni Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, na namna alivyoyapata inaniridhisha kuliko matokeo yenyewe. Mwaka 1941 alichapisha ushahidi uliomfikisha Kinderhook na uchaguzi wa 1840. Wengi wangeishia hapo wapokee pongezi. Yeye aliendelea kufunua magazeti makuukuu, ukurasa kwa ukurasa, na mwaka 1963 na 1964, katika jarida la American Speech, akatoa mfululizo wa makala uliomrudisha nyuma hadi Machi 1839 na kuonyesha kwamba Kinderhook ilikuwa daraja tu, neno lilikuwa limeshazaliwa. Alijisahihisha mwenyewe kwa risiti zake mwenyewe. Kamusi kubwa za Kiingereza, ya Oxford ikiwamo, zinafuata njia hiyo hadi leo.

Hadithi pinzani ni utitiri, na nyingi hazistahili zaidi ya sentensi moja. Wagiriki wana "ola kala", kila kitu ni kizuri. Waskoti wana "och aye". Wafini wana "oikein". Wapo wanaolitoa kwenye bandari ya Les Cayes ya Haiti, kwa kupitia pombe yake ya miwa. Rais Woodrow Wilson aliamini limetoka kwa Wachoctaw, wenyeji wa asili wa kusini mwa Marekani, hata akawa anaandika "okeh" kwenye nyaraka zake; kwa hiyo usimcheke mzee wangu peke yake, Ikulu ya Marekani nayo ilishalishwa. Kila kabila lenye sauti ya O na sauti ya K limejidai kuwa mzazi.

Mgogoro unaoniuma ni mmoja, na katika huo ningependa nishindwe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970, David Dalby, mtaalamu wa lugha za Afrika Magharibi aliyefundisha Chuo Kikuu cha London, alidai kwamba OK ni ya Kiwolof: "waw" ni ndiyo, na "kay" ni kiungo cha kutilia mkazo, kwa hiyo "waw kay" ni ndiyo kabisa. Watumwa kutoka Senegambia walilibeba neno hilo hadi Amerika, wazungu wakaliokota. Hoja hii inatembea sana kwenye mitandao yetu siku hizi, na anayeipinga huitwa mtumwa wa fikra kabla hajamaliza sentensi. Nitavumilia.

Dalby hakuwa mpiga porojo. Alileta mifano: Mtu Mweusi aliyenukuliwa katika kitabu cha msafiri mmoja kilichochapwa London mwaka 1784 anaanza maneno yake kwa "kay", na katika shajara ya Jamaica ya mwaka 1816 mtu mwingine anaanza kwa "oh ki". Huo ni ushahidi wenye tarehe, na tarehe zote mbili ni za kabla ya Boston. Unahitaji kujibiwa, na aliyeujibu ni Frederic Cassidy, mzaliwa wa Kingston, Jamaica, mmoja wa watunzi wa kamusi ya Kiingereza cha Jamaica ya mwaka 1967. Kama kuna mtu aliyekuwa na kila sababu ya kutamani neno hili litoke kwa wahenga wa Jamaica, ni huyo. Mwaka 1981 aliandika makala katika jarida lilelile la Read akiuliza kama OK ni ya Kiafrika, akaipitia mifano mmojammoja. Jibu lake lilikuwa hapana. "Ki" ile ni ya kushangaa, kama sisi tunavyosema "lo!" au "heh!", msemaji hakubali jambo, anastaajabu. Na kati ya mifano hiyo na gazeti la 1839 hakuna hata ngazi moja ya kukanyaga: hakuna mtu aliyerekodiwa akisema "waw kay", wala "oke", kwa maana ya kukubali.

"Lakini zinafanana mno!" Ndiyo, zinafanana. Nenda Lubumbashi. Utasikia watu wanasalimiana kwa Kifaransa, "Ça va?" na mwenziwe anajibu, "Ça va." Meza ya pili utasikia Kiswahili, "Sawa?" "Sawa." Sauti ileile, mazingira yaleyale, kazi ileile, mji mmoja, pengine kinywa kimoja. Kwa kipimo cha kufanana, sawa yetu ni mtoto wa Mfaransa. Nani yuko tayari kusaini? Tunajua si hivyo, kwa kuwa sawa ina ukoo wake: usawa, sawazisha, sawia, wote wakirudi kwenye neno la Kiarabu la kulingana, na hakuna kulingana kokote ndani ya "ça va", ambayo tafsiri yake ni "inakwenda". Wenyeji wa Lubumbashi wana hata sawa ya kufananisha, wanaposema "sawa vile" pale ambapo mtu wa Tanga atasema "kama vile". Na kama hilo halitoshi, Wambabaram wa Australia walimwita mbwa "dog", sawasawa na Mwingereza, bila undugu wowote. Lugha ni maelfu na sauti za mdomo wa binadamu ni chache. Zitagongana tu.

Ninachowadai wenzangu wa waw kay ni kwamba Afrika ndani ya Kiingereza ipo, ina risiti, na wao wanaipita bila kuitazama. Mmarekani wa kusini anayeita karanga "goober" anatamka "nguba" ya Wakongo. "Gumbo", mchuzi mzito wa Louisiana, umebeba jina la bamia kutoka lugha za Angola. Haya hayakupatikana kwa kudhani. Lorenzo Dow Turner, Mmarekani Mweusi, mwanaisimu, alianza mwaka 1932 kuzunguka pwani na visiwa vya South Carolina na Georgia akiwarekodi Wagullah, wazao wa watumwa. Wasomi waliomtangulia walikuwa wameamua kwamba Kigullah ni Kiingereza kibovu tu, walichojifunza watumwa kwa wazungu masikini. Turner alikwenda na mashine nzito ya kurekodia, akajifunza lugha za Afrika Magharibi, na mwaka 1949 akachapisha kitabu chenye maelfu ya majina na maneno, kila moja na lugha lilikotoka.

Katika kazi hiyo alimrekodi mama mmoja wa Harris Neck, Georgia, aliyeimba wimbo ambao mwenyewe hakujua maana ya maneno yake. Alifundishwa na mama yake, basi. Mwanafunzi kutoka Sierra Leone alipousikia aliitambua lugha: Kimende. Miongo mingi baadaye watafiti waliubeba wimbo huo Sierra Leone, wakampata mwanamke katika kijiji cha Senehun Ngola aliyeuimba yeye pia. Kwao ulikuwa wimbo wa mazishi. Mwaka 1997 binti wa yule mama wa Georgia, naye ameshazeeka, alisafiri hadi kijijini hapo. Zaidi ya miaka mia moja na hamsini, bahari nzima katikati, na maneno yakatambuana. Mtu aliyeiona risiti ya namna hiyo hana haja ya kughushi nyingine kwa ajili ya OK. Tena kila tunapoghushi, tunawapa wale waliombishia Turner sababu ya kuguna.

Nirudi kwa mzee, maana bado ana deni la pili. Hata hadithi yake ingekuwa kweli, hitimisho lake lisingefuata. Alituambia tuliache neno kwa kuwa asili yake ni mauti, kana kwamba maana ya kwanza hujificha ndani ya neno kama mdudu ndani ya embe. Shule tumeipata kwa Wajerumani, na wao, kwa mzunguko mrefu, kwa Wagiriki, ambao kwao neno hilo lilikuwa na maana ya wasaa, muda wa mapumziko. Kamuulize mtoto wa darasa la saba aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, begi mgongoni na ufagio mkononi, kama anakwenda kupumzika. "Nice" ya Waingereza, wanayosifia chai na hali ya hewa, ilianzia kwenye neno la Kilatini la mtu asiyejua kitu, na kwa karne kadhaa ukiambiwa wewe ni "nice" ulikuwa umetukanwa. Maana ya neno hukaa kwa wanaolitumia.

Na sisi tunalitumia kwa ufundi wetu. Msikilize mtu wa Dar es Salaam anavyokata simu: "Haya, sawa, oke, haya basi, poa, haya." Hakuna neno hapo linalobeba habari mpya, ila ukilitoa moja unaonekana umenuna. Fundi cherehani akishakupima kiuno, akaandika kwenye daftari lake la mistari akasema, "Oke, Jumamosi," unajua kabisa kwamba Jumamosi hutaikuta nguo, na wala hakukudanganya, amekwambia amekusikia. Hapo ndipo OK inapotofautiana na ndiyo: inapokea bila kuahidi. Muulize mgeni kuhusu pilau, akijibu "iko oke", mpishi ameumia. Na anayejibu ujumbe wako mrefu kwa herufi moja tu, K, ameshafunga mlango. Kazi zote hizo hazimo kwenye ubao wa kamanda yeyote.

Kwa hiyo mzee wangu, kwa heshima zote, naomba tuelewane kama tunavyoelewana kwenye hesabu za kamati. Niletee karatasi moja, iliyochapwa au ya mwandiko, ya kabla ya tarehe 23 Machi 1839, yenye OK inayofanya kazi ya OK. Itoke Dakar, Kingston, au kwenye mkoba wa askari yeyote umtakaye. Ukiileta nitasimama kikao cha nne, nikuombe radhi mbele ya mwenyekiti, na ile shilingi 4,000 ya bodaboda uiandike kuwa mchango wangu.